Kunguru wa Njia ya Shule

Nasib Kaur aliuachia mkono wa mjukuu wake. Hilo ndilo lililosemwa baadaye, nyumbani, kazini kwa mkazamwana wake, na hata kwenye foleni ya chakula gurudwarani, hekaluni kwa Wasikh, na yeye mwenyewe hakulikana. Aliuachia. Kunguru alimjia kwa nyuma, kimya, akamdonoa juu ya sikio, na bibi wa watu akafunika kichwa kwa mikono yote miwili kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Alipofumbua macho alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi, mtandio umemning'inia shingoni, damu inamchuruzika hadi kwenye kola, na Jasnoor hayupo.

Mtoto alikuwa ameshavuka barabara peke yake. Ana miaka mitano, na begi lake lilikuwa pana kuliko mgongo. Alifika darasani salama, akamwambia mwalimu kwamba bibi amebaki nyuma anapigana na ndege.

Mwalimu akapiga simu. Ramandeep, mama yake Jasnoor, akaitwa kutoka kwenye mkanda wa kuchambulia matunda ya bluberi mbele ya wenzake wote. Msimamizi, kijana wa kwetu kabisa, wa kijiji cha jirani na chao kule Punjab, alimwangalia akivua glavu, akasema kwa sauti ya kusikika, "Dada, hapa ni kazini, siyo chekechea. Ukitoka leo, zamu zako za wiki hii usizihesabu."

Ramandeep alitoka. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, na aliendesha gari hadi shuleni akitukana kwa Kipunjabi, hajui anamtukana ndege, msimamizi au mavyaa wake.

Ndege mwenyewe wenyeji humwita magpai. Sisi tuliotoka Punjab humwita kunguru, kwa kuwa ni mweusi mwenye mabaka meupe, na kwa kuwa hatuna jina jingine la kumpa. Majira ya kuchipua majani yakifika Australia, huwa na makinda juu ya mikalitusi, naye huamini kila apitaye chini amekuja kuyaiba.

*

"Ndege, Mama!" Lakhvir alisema jioni ile, na kicheko kikamponyoka. Alikuwa amerudi na lori kutoka Brisbane, bado amevaa kile kizibao cha rangi ya chungwa. "Ndege tu! Hafiki hata nusu kilo."

"Kisu nacho hakifiki nusu kilo," mama yake akajibu.

"Sasa utajifungia ndani mpaka lini? Kasuku wakitua juu ya paa unajifunika shuka. Yule ndege wa kwenye mti mwenye mlio wa kicheko akilia, unasema anakucheka wewe. Bata mzinga wa porini alipokuchimbulia uwatu wako, ulimwangalia dirishani kama mtu anayeangalia wezi."

"Nilipanda ule uwatu kwa mikono yangu."

"Si ungetoka ukamfukuza!"

Tangu utotoni Nasib Kaur hakupenda mbawa karibu na uso wake, lakini kwao Punjab ndege walijua mipaka yao. Shomoro alikaa darini, tausi alikaa mashambani, na kunguru akilia ukutani, watu walisema mgeni yuko njiani, basi chai ikatengwa. Huku ndege ndio waliokuwa wenye nyumba.

Asubuhi iliyofuata Lakhvir alimpeleka mtoto mwenyewe, kwa njia ileile, chini ya mikalitusi ileile. Akarudi anapiga mluzi.

"Mbona mimi hajanigusa? Nimesimama pale nikamwangalia, naye akaniangalia. Basi! Woga wako ndio unaomwita, Mama."

Beryl, jirani yao, bibi wa Kizungu aliyekuwa akimwagilia maua ng'ambo ya ua, alisikia wakibishana akauliza kuna nini. Lakhvir akamweleza huku akicheka. Beryl hakucheka. Alisema maneno mengi, na Jasnoor, ambaye ndiye aliyekuwa mkalimani wa nyumba, akamgeuzia bibi yake.

"Anasema kunguru anajua sura za watu, Bibi. Watu wengine hawajali. Lakini akishakuchagua, amekuchagua. Mwaka huu na mwaka ujao."

"Muulize kwa nini amenichagua mimi."

Mtoto akauliza. Beryl alimtazama yule mwanamke wa rika lake, mtandio wake, plasta juu ya sikio, akapandisha mabega.

"Anasema hata yeye hajui."

"Mimi najua," Nasib Kaur akasema, akageuka kuingia ndani. "Hata ndege wa nchi hii anamjua asiye wa hapa."

*

Wazo la kopo lilikuwa la Lakhvir, ingawa hakulibuni yeye. Wazungu wenyewe huvaa. Alichukua kopo la plastiki la aiskrimu, lile kubwa la familia, akatoboa matundu, akachomeka zile nyuzi ngumu za plastiki za kufungia waya, zikasimama kama miiba ya nungunungu. Jasnoor akapewa kalamu ya wino mzito. Akachora macho mawili upande wa nyuma, makubwa, yenye kope, maana ndege huyo hamvamii mtu anayemtazama.

"Mzuri, Bibi!" mtoto akapiga makofi. "Una macho mbele na nyuma."

"Sivai ndoo juu ya mtandio wangu," Nasib Kaur akasema. "Mimi ni mke wa Bachittar Singh."

"Mama, hakuna anayekujua huku," Lakhvir akasema, na kwake hilo lilikuwa neno la kumtuliza.

Ramandeep alikuwa akikunja nguo pembeni. Hakuinua macho. "Mama, wiki nzima sikupewa zamu. Jumatatu narudi, tena kwa kubembeleza. Lakhvir yuko barabarani siku nne kati ya saba. Nikiitwa tena, nimekwisha."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali, mama mkwe angejua la kujibu. Nasib Kaur alilitazama tumbo la mkazamwana, akanyoosha mkono, akalichukua kopo.

Jumatatu hiyo alilivaa. Lilimbana paji la uso, na kila alipopiga hatua nyuzi zilitikisika juu yake kama mbegu ndani ya kibuyu. Kunguru alishuka mara mbili, akageuka mara mbili. Jasnoor alirukaruka kwa furaha, akiushika mkono wa bibi yake, naye bibi akaushika wa mtoto mpaka vidole vikafa ganzi. Langoni mwa shule akina mama wawili wa Kizungu walimwinulia dole gumba, wakatabasamu, na huenda walitabasamu kwa wema. Naye akatabasamu. Hakujua jinsi nyingine ya kupita.

Lakhvir, ambaye siku hiyo hakuwa na safari, alikuwa amewafuata kwa gari ili aone kama chombo chake kinafanya kazi. Akatoa simu, akapiga picha kupitia dirishani.

*

Jumapili walikwenda gurudwarani. Baada ya sala Nasib Kaur aliingia jikoni kama kawaida yake, akakaa na wanawake wenzake kusukuma chapati. Hapo ndipo alipokuwa mtu. Jikoni mle hakuna aliyesukuma chapati ya duara kama yake, na wasichana waliozaliwa huku walikuja kujifunza kwake.

"Ala! Leo umekuja bila taji, shangazi?" mmoja akauliza.

Wengine wakaangua kicheko. Mwingine akamkanyaga mwenzake mguu anyamaze, kisha akashindwa, naye akacheka mpaka unga ukamrukia.

"Taji gani?" Nasib Kaur akauliza.

Wakamwonyesha. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao alimwambia kabisa, "Usijali, shangazi, umependeza," huku akimshikia simu karibu na uso, maana hakuwa na miwani. Aliona kopo. Aliona macho mawili ya kuchorwa. Chini ya kopo aliona mtandio wake wa maua madogo, na mgongo uliopinda kidogo. Hakuwa amejua kwamba umepinda.

Alimaliza kusukuma madonge yote yaliyokuwa mbele yake. Kisha akanawa mikono, akaenda kukaa kwenye gari.

*

Simu ya Bachittar Singh ilikuja kutoka Punjab Jumatatu jioni, wakiwa mezani. Lakhvir alikuwa na mchuzi vidoleni, akabonyeza kwa kiwiko, sauti ikasambaa chumba kizima.

"Nani amemvisha mke wangu ndoo?"

Lakhvir akacheka kidogo. "Baba, shikamoo. Huku ni kitu cha kawaida, hata Wazungu..."

"Sikukuuliza Wazungu. Nimekuuliza wewe." Mzee alikuwa akihema kama aliyetembea kwa haraka. "Nilikuwa kwenye kibanda cha chai pale stendi. Mtoto wa jirani yetu Pala akanionyesha simu. Anacheka, na wote wanacheka. Na mimi nikacheka! Unanisikia, Lakhvir? Nilicheka. Mwanamke amevaa kopo lenye macho, nani asicheke? Nilicheka mpaka nilipoona viatu. Viatu vile nilimnunulia mimi, siku alipokuja huko kwenu."

Jasnoor aliangalia sura moja, akaangalia nyingine.

"Kibanda kizima kilikuwa kinaniangalia mimi, nimeshika simu ya mtoto wa watu, nacheka. Nikamuuliza, picha hii umeipata wapi? Akasema, imetoka kwa mwanao, mzee. Ameituma kwa binamu zake. Wewe mwenyewe, Lakhvir."

"Ilikuwa utani, Baba. Kwa familia tu."

"Familia ndiyo hii iliyofika stendi. Mpe mama yako simu."

Hakukuwa na haja ya kumpa, alikuwa hapo hapo. Lakini Lakhvir aliichukua simu, akaifuta kwa shati lake, akaiweka mbele ya mama yake kwa mikono miwili. Nasib Kaur hakujua namna ya kuifanya sauti isisikike na wengine, na hakuna aliyemsaidia.

"Mama Lakhvir," mzee akasema, na sauti ikamlegea.

"Naam, Baba Lakhvir."

"Kidonda?"

"Kimekauka."

Kwa mbali ilisikika trekta ya mtu huko Punjab, na mbwa.

"Nimekaa naye miaka mingi sikuwahi kumuuliza," mzee akasema, kama anayemwambia mtu mwingine. "Mama Lakhvir. Wewe unataka nini?"

Nasib Kaur aliutazama mlango wa nyuma. Nje, juu ya kamba ya nguo, walikuwa wametua kasuku weupe wawili, wanang'oa vibanio kimoja kimoja na kuvidondosha chini. Alivitazama vile vibanio.

"Nataka kurudi nyumbani," akasema.

Ramandeep akainuka, sahani yake bado ina chakula, akaingia jikoni. Wakasikia bomba la maji likifunguliwa.

*

"Tulikubaliana, Mama," Lakhvir akamwambia simu ilipokatika. "Mtoto wa pili anakuja. Tulikubaliana utakaa mpaka naye aanze shule."

"Mlikubaliana. Mimi niliambiwa."

"Na huko utafanya nini? Ng'ombe mmoja, mzee mmoja mwenye magoti mabovu. Huku una mashine ya kufulia, una daktari, una mjukuu."

"Vyote vipo, na ni vizuri. Sijakataa kwamba ni vizuri."

"Basi?"

"Basi nimemkumbuka baba yako." Akaona haya kulisema mbele ya mwanawe, akavuta mtandio hadi karibu na macho. "Haya, umenilazimisha kusema. Nimemkumbuka baba yako."

Lakhvir aliinuka mezani. Akachukua ufunguo wa lori, akatoka kwenda kukagua matairi ambayo alishayakagua.

Siku zile Beryl alijitolea kumpeleka Jasnoor shule. Nasib Kaur alibaki ndani, akapika, akafua, akakunja. Lakhvir alipokuwa safarini alimpigia kila siku, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamuuliza amekula nini, akashindwa kuendelea. Ramandeep alitoka kazini amechoka, akaketi ameinua miguu, akimwangalia mama mkwe wake akipita na kupita.

Siku ya mapumziko ya Ramandeep walikuwa wawili jikoni, wakichambua mboga. Mawaridi ya Beryl yalionekana dirishani, na hakuna ndege aliyekuwa akilia wakati huo.

"Mama, nataka kukwambia usiende," Ramandeep akasema, macho kwenye mboga. "Nimejizuia siku zote hizi."

"Basi niambie."

"Usiende."

Kisu cha Nasib Kaur kikasimama.

"Nilipomzaa Jasnoor, hukuwa umefika bado," Ramandeep akaendelea. "Mama yangu alinyimwa viza mara mbili, na safari ya tatu hakuwahi kuomba, alishafariki. Nilijifungua na nesi ananiambia maneno nisiyoyaelewa. Ulipokuja, nikasema nimepata mama. Halafu nikakutumia kama mtu anavyotumia ndoo ya maji. Mara nyingine nikikusikia usingizini unazungumza na Baba, nakuonea wivu. Una mtu wa kumwita."

"Mwanangu..."

"Usiniite hivyo, nitalia, na mimba hii inanitapisha nikilia." Akacheka, akapangusa pua kwa mkono wa nguo. "Nimekwambia usiende. Nimesema, limetoka moyoni. Sasa nenda."

"Na mtoto?"

"Atazaliwa. Lakhvir ameshaomba safari za karibu, hatalala tena barabarani. Nilimwambia, mama yako anakwenda kwa mumewe, na wewe utajifunza kusuka nywele za binti yako."

"Amesemaje?"

"Ameuliza kama nywele hugawanywa mara tatu au nne."

Nasib Kaur alicheka mpaka akaweka kisu chini. Kisha akainuka, akazunguka meza, akambana mkazamwana wake kichwa kwenye tumbo lake, na wakakaa hivyo, mboga zikiwa zimetawanyika, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia.

*

Uwanja wa ndege Lakhvir alibeba mizigo yote peke yake, hata kimkoba alichotaka kukishika mwenyewe mama yake. Mbele ya mlango wa kioo, kati ya watu na vigari vyao, aliinama akamgusa mama yake miguu, ndiyo heshima ya kwao. Hakuinuka upesi.

"Picha ile, nilifikiri utacheka na wewe," akasema akiwa chini.

"Ningecheka, kama ungeniuliza kwanza. Inuka, watu wanapita."

Jasnoor alikataa kushuka garini. Alikuwa ameambiwa asubuhi ile tu, maana kila mtu alimwachia mwenzake amwambie. Nasib Kaur alirudi hadi kwenye maegesho, akagonga kioo. Mtoto akageuza uso upande wa pili.

"Jasnoor. Roho yangu. Nifungulie."

"Nenda tu kama unaenda."

"Nipe hata mkono."

Mtoto alitikisa kichwa. Ramandeep alitaka kufungua mlango kwa nguvu, Nasib Kaur akamzuia. "Mwache. Ana haki." Alisimama hapo mpaka walipomwita, kiganja kikiwa kwenye kioo cha dirisha, na alipokiondoa, alama yake ilibaki juu ya vumbi.

*

Bachittar Singh alimpokea getini amevaa kilemba kilichopigwa pasi. Alikuwa amekonda. Alichukua sanduku, akaliweka chini, akalichukua tena. "Umefika," akasema. "Nimefika," akasema yeye. Mzee alimpikia chai kwa mikono yake, tamu kupita kiasi, akasimama akimwangalia anavyoinywa.

Baada ya hapo hawakujua la kusema. Majirani walipokuwepo ilikuwa rahisi, kila mtu aliuliza habari za Australia. Walipoondoka, wawili hao walibaki uani, kila mmoja kwenye kitanda chake cha kamba, kama wageni waliosubirishwa ofisini. Mzee alikuwa amezoea kula amesimama. Alikuwa ameuhamishia mto wake upande aliokuwa akilala mkewe, na sasa hakujua arudi wapi. Nasib Kaur naye aliamka alfajiri akaanza kutafuta soksi ndogo, akasimama katikati ya chumba, kisha akakaa kitandani akashika magoti yake. Aliwapigia simu watoto kila siku. Lakhvir alimwonyesha kichwa cha Jasnoor kwa nyuma, nywele zimesukwa upogo. Jasnoor mwenyewe hakutaka kugeuka.

Siku kadhaa zikapita hivyo. Alasiri moja mzee aliaga kwamba anakwenda kuangalia mota ya kisima shambani. Haukuwa umepita muda mrefu simu ya Nasib Kaur ikalia. Alidhani ni Australia, akaikimbilia na mikono ya unga.

"Mama Lakhvir."

"Baba Lakhvir? Kuna nini? Umeanguka?"

"Hapana. Niko hapa kisimani."

Alitoka hadi getini. Akamwona kule, ng'ambo ya mpunga uliokuwa unangoja kuvunwa, kilemba cheupe, mkono sikioni, amempa mgongo.

"Sasa mbona unapiga?"

Mzee akakohoa. "Mbele yako maneno hayaji. Nimeyazoea humu kwenye simu." Akaanza tena, taratibu. "Baridi ile ya kwanza, ulipoondoka, nilikuwa napika chapati zako pia. Sijui kwa nini. Nilikuwa nampa ng'ombe. Hilo sikuwahi kukwambia."

Nasib Kaur aliketi kwenye kizingiti, simu ameibana sikioni, unga umemwingia kwenye nywele. Mpunga uliinama kwa upepo, ukainuka. Kule mbali yule mtu mwembamba alikuwa bado amesimama, anasubiri.

"Nakusikia," akamwambia. "Endelea."